Nani Aingie? Lango la Seva ya Gemu, Kutoka Mlandege

 

Wazazi wengi mmekuja mkitarajia niseme mtoto acheze gemu saa ngapi kwa siku. Leo nina jambo jingine, nalo ni mlango. Mtoto anayeinamia simu au kompyuta hapa Mlandege, Iringa, siku hizi mara nyingi hachezi peke yake. Ameunganishwa na wenzake wa Kihesa, wa Mbeya, wa Dar es Salaam, na pengine na watu wa Ulaya asiowajua kabisa. Wote wamekutana ndani ya mashine moja inayoitwa seva, na mwenye seva hiyo ndiye anayeamua nani aingie, nani azuiwe, na nani atimuliwe. Zamani mwenye seva alikuwa mgeni wa mbali. Sasa baadhi yenu vijana mlioko viti vya nyuma ndio wenye seva: mmeziwasha kwenye kompyuta ya nyumbani au mmekodi nafasi mtandaoni. Mmekuwa watu wenye mamlaka kabla hamjapiga kura yenu ya kwanza, na hakuna aliyewafundisha namna ya kuyatumia.

Msimamo wangu nautanguliza. Seva ilindwe kwa kuwajua wanaoingia. Kufungia namba za anwani, ambako ndiko kunakokimbiliwa na wengi kwa kuwa ni kwepesi, katika nchi kama yetu huwaumiza wasio na hatia na kumwacha mkosaji akitembea.

Suala la mlango lina umri sawa na michezo yenyewe ya mtandaoni. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika mchezo wa maneno matupu ulioitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Watu wa nje ya chuo walipotaka kucheza, chuo kiliwaruhusu usiku wa manane, saa ambazo mashine haikuwa na kazi ya maana. Huo ulikuwa udhibiti kwa saa, na ulieleweka: mashine ilikuwa moja na wenye shida nayo walikuwa wengi. Sheria ilitaja sababu yake waziwazi. Kipimo hicho nitakitumia tena kabla sijamaliza.

Sasa anwani. Kila kifaa kinachozungumza na intaneti huonekana kwa namba, anwani ya IP. Mfumo wa zamani wa namba hizo, ambao ndio bado unaobeba sehemu kubwa ya mawasiliano, una namba takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na sehemu kubwa yake ilikwisha kugawanywa kabla Afrika haijajaa mtandaoni. AFRINIC, shirika lililoko Mauritius linalogawa anwani kwa bara letu, liliingia hatua yake ya mwisho ya kubana mgao mwaka 2020. Kampuni za simu zikafanya lililowezekana: zikawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ndani ya mtandao wa kampuni simu yako ina namba yake ya ndani, lakini inapotoka kwenda duniani inavaa namba ya pamoja. Mwaka 2012 lilitengwa hata fungu maalumu la namba za ndani kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Kijana mwenye rauta ya laini ya simu aangalie leo usiku ukurasa wa mipangilio. Akiona anwani ya upande wa mtandao inaanza na namba za fungu hilo, au na 10, basi yuko nyuma ya anwani ya pamoja.

Matokeo yake mnayajua, ila pengine hamkujua chanzo. Kijana mmoja aliyenunua bando la usiku anaingia kwenye seva ya Ulaya, anatumia programu ya kuona kupitia kuta, anagunduliwa. Msimamizi wa kule anaandika amri moja ya kufungia anwani, kisha anaenda kulala akijua kazi imekwisha. Mkosaji anazima data na kuiwasha, anapewa anwani nyingine, anarudi. Ile iliyofungiwa inamwangukia mtu mwingine, pengine binti wa Mwangata ambaye hajawahi kuingia seva hiyo maishani mwake. Anakutana na maandishi kwamba amefungiwa. Hana wa kumuuliza.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kufungia mafungu mazima ya anwani, au nchi nzima, kwa hoja kwamba wachezaji halali kutoka huko ni wachache. Wachache kwa hesabu ya nani? Sensa ya 2022 ilitukuta watu 61,741,120. Hata tukiwa wachache ndani ya mchezo fulani, uchache wetu haumpi mtu ruhusa ya kutuhukumu kwa kosa la jirani.

Upo pia mlango unaofungwa bila mtu kuugusa. Seva nyingi huwekwa zimtoe zenyewe mchezaji ambaye mawasiliano yake yanachelewa kupita kiwango. Nia ni njema, kwa sababu mmoja anayelegi huharibu mchezo wa wote. Lakini tuhesabu. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 7,000. Kwenda na kurudi, hata kama pangekuwa na waya ulionyooka kama rula, ni sehemu 70 za elfu za sekunde, na waya hautembei hivyo: kwanza ufike Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 450 kutoka hapa, kisha ushuke baharini. Weka kikomo cha sehemu 100 na umekwisha kuwatoa watu wa Iringa kabla hawajagusa kitufe. Ndiyo maana ninawatia moyo wanaowasha seva hapa hapa nchini. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unapita Iringa kuelekea Mbeya, na seva iliyo karibu ni haki ambayo fizikia yenyewe inaikubali.

Basi tuje kwenye seva zenu. Nitatumia Minecraft kama mfano kwa sababu ndiyo inayowashwa zaidi na vijana wanaokuja kuniuliza, na kwa sababu mipangilio yake inaonekana wazi kwenye faili moja la maandishi. Humo mna mistari miwili inayohusu lango. Mmoja unaamuru kwamba aingie tu yule ambaye jina lake limo katika orodha ya walioruhusiwa. Wa pili, unaoitwa online-mode, unaamuru kwamba kila anayebisha hodi akaguliwe kwanza kwa kampuni yenye mchezo, kuhakikisha kwamba akaunti anayodai ni yake kweli. Ukiwasha yote miwili, una lango zuri.

Tatizo letu ni pesa. Toleo la kompyuta la mchezo huo huuzwa kwa karibu dola 30. Kwa mzazi anayeuza nyanya na vitunguu sokoni, hiyo si hela ya mchezo. Vijana wengi wanacheza nakala zisizolipiwa, na ili nakala hizo ziingie, mwenye seva anazima mstari wa pili. Siwaungi mkono katika kutumia nakala hizo, na nitawaambia daima kwamba walioutengeneza mchezo nao wanakula kwa jasho lao. Lakini nisiposema linalotokea baadaye nitakuwa nimewaficha hatari.

Mnajua kadi za harusi zetu. Umechanga, umepewa kadi, imeandikwa single au double, na mlangoni kuna kijana anayeikagua kwa simu. Sasa fikirini ukumbi wenye daftari la majina ya waalikwa lakini usioangalia kadi. Mtu anafika, anasema, “Mimi ni mjomba wa bibi harusi,” jina la mjomba limo, anapita. Mjomba mwenyewe akija baadaye anaambiwa ameshaingia. Hivyo ndivyo ilivyo orodha ya walioruhusiwa kwenye seva iliyozima ukaguzi wa akaunti. Yeyote anayejua jina la rafiki yako anaingia kama rafiki yako. Na akijua jina lako wewe msimamizi, anaingia akiwa na madaraka yako yote: anafuta nyumba mlizojenga kwa miezi, anawatimua wenzenu, anazima seva.

Kinga ipo. Ziko programu za nyongeza, AuthMe ni mojawapo, zinazomtaka kila mchezaji kujisajili kwa neno la siri mara ya kwanza, na kulitaja kila anaporudi. Mpaka alitaje, hawezi kutembea wala kuandika chochote. Neno hilo lisifanane na la barua pepe, na namba ya siri ya pesa ya simu isisogee hata karibu na seva ya mtu yeyote. Msimamizi naye asimwombe mchezaji neno lake la siri, hata kwa kisingizio cha kumsaidia.

Kuna wanaoniambia, “Mwalimu, seva yangu ni ndogo, tuko sita tu, hakuna anayeijua.” Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha programu yao, ZMap, ikizunguka anwani zote za mfumo wa zamani duniani kwa chini ya dakika 45, kwa kutumia kompyuta moja iliyounganishwa vizuri. Minecraft husikiliza kwenye mlango namba 25565 usipoubadilisha. Kwa hiyo seva yenye anwani ya wazi itagongwa hodi na mashine ambazo hazijui Mlandege ni wapi na hazijali mko sita au mia sita. Watakaoingia baada ya hodi hiyo wengi huja kubomoa tu. Na kuna siku walikuja kwa zaidi ya hilo: Desemba 2021 lilifichuka tundu katika Log4j, programu ndogo ya kuandika kumbukumbu iliyotumika ndani ya mifumo mingi mno, Minecraft ikiwemo. Mtu aliweza kuandika mstari mmoja kwenye maongezi ya mchezo na mstari huo ukaiamrisha kompyuta ya mwenye seva, na hata za wachezaji wenzake. Masasisho yalitolewa haraka. Lakini mwenye seva iliyofungwa kwa majina alilala salama zaidi usiku ule kuliko aliyeacha wazi, kwa sababu kuandika kwenye maongezi kulihitaji kwanza kuingia.

Ipo njia ninayoipenda kuliko zote kwa kikundi cha marafiki. Nimesema kwamba wengi wenu mko nyuma ya anwani ya pamoja. Hiyo ina maana pia kwamba mtu wa nje hawezi kuifikia kompyuta yako moja kwa moja, hata ukimkaribisha. Rafiki yako wa Mbeya atagonga na hodi yake itaishia kwa kampuni ya simu. Vijana wengi hukata tamaa hapo. Programu kama ZeroTier hutengeneza mtandao mdogo wa faragha juu ya intaneti: kila mwanachama anaweka programu, anaandika namba ya mtandao wenu, kisha anasubiri mpaka mwenye mtandao amkubali. Asiyekubaliwa haoni seva kabisa, hajui hata kama ipo. Lango linakuwa nje ya mchezo, na ndani mnacheza kana kwamba mmekaa sebule moja. Wazee wa Counter-Strike mtaikumbuka hali hii: kwenye vibanda vya intaneti seva iliwekwa ya mtandao wa ndani tu, na mlango wake ulikuwa mlango halisi wa kibanda, na mkaguzi alikuwa kaka aliyeshika droo ya hela.

Kwa kuwa mitandao ya namna hii ni jamaa ya VPN, sheria inahusika. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kikundi kinachotaka kufanya kazi hii kwa utulivu, hasa kikiwa chini ya shule au kituo, kiulize na kijisajili. Nami nasema bila kumung'unya kwamba ningependa kanuni zetu zitofautishe waziwazi kati ya anayejificha na vijana sita wanaofunga mlango wao wasiingiliwe. Kufunga mlango wa nyumba yako si uhalifu.

Kanuni zetu zimewahi kuelekea upande wa anwani pia. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilivitaka vibanda vya intaneti viwe na anwani za kudumu za wazi kwa kompyuta zao, na kamera za kurekodi yanayofanyika ndani. Naielewa hofu iliyozaa masharti hayo. Lakini kamera na anwani hueleza kwamba kosa lilitokea kwenye kiti fulani, saa fulani. Hazimzuii aliyekalia kiti hicho, na anayekuja kukikalia baada yake anarithi sifa mbaya.

Mataifa mengine yamelibeba lango lote na kulipeleka serikalini. Korea Kusini mwaka 2011 iliwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na sheria hiyo ikaondolewa kuanzia Januari 2022. China, tangu Septemba 2021, huwaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kwa usajili wa majina halisi. Jukwaa la gemu la Roblox nalo mwishoni mwa 2025 lilitangaza kwamba anayetaka kutumia maongezi lazima umri wake ukaguliwe, kwa mfano kwa kukadiriwa kutokana na picha ya uso. Najua wazazi wengi hapa wanasema moyoni, “Na sisi tuletewe.” Naomba mfikiri kwanza. Ili kujua kwamba mtoto ni mtoto, mtu lazima akusanye kitu cha mtoto: uso wake, jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa. Kitu hicho kinahifadhiwa wapi?

Hapa kwetu swali hilo lina uzito wa pekee. Kitambulisho cha NIDA ni cha mwenye miaka 18 na kuendelea, na laini husajiliwa kwa alama za vidole kupitia kitambulisho hicho. Laini iliyo kwenye simu ya mtoto wako, kwa hiyo, mara nyingi ni yako mama, au yako baba. Seva inayotaka kumthibitisha mchezaji kwa namba ya simu inakuthibitisha wewe, na mwenye seva wa miaka 16 anabaki na orodha ya namba za wazazi wa mtaa mzima. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Vijana, chukueni kidogo kabisa: jina la mchezo, na kumbukumbu ya nani alimdhamini. Namba za simu msiziombe. Picha za vitambulisho msizipokee hata mkiletewa.

Nimesema “alimdhamini”, na hilo ndilo kiini cha ninayowapendekezea. Kila anayeingia awe ameletwa na aliyekwisha kuwemo, na aliyemleta aandikwe. Mgeni akivuruga, aliyemleta aulizwe kabla ya yeyote kufungiwa. Tunaishi hivyo katika vikoba na katika michango ya misiba, na udhamini unafanya kazi kwa sababu mtu huogopa zaidi kumwaibisha aliyemdhamini kuliko anavyoiogopa amri ya kompyuta.

Pana hatari moja ambayo udhamini hauimalizi, nayo ni msimamizi mwenyewe. Katika LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi uliokuwa kwenye mashine ya kituo cha utafiti cha Xerox huko California, wasimamizi walitangaza mwishoni mwa 1992 kwamba hawataingilia tena ugomvi wa wakazi. Mwaka uliofuata mchezaji mmoja aliyejiita Mr. Bungle aliwadhalilisha wenzake mbele ya watu, udhalilishaji wa kingono wa maneno uliowaumiza kweli. Wakazi wakajadiliana kwa muda mrefu bila kufikia uamuzi. Mwishowe msimamizi mmoja, peke yake, akaifuta akaunti ile. Muda si mrefu mtu yule akarudi kwa jina jingine. Pavel Curtis, mwasisi wa ulimwengu ule, alipoyakuta hayo akaanzisha utaratibu wa maombi na kura, ili jambo kubwa liamuliwe na wakazi. Pande zote mbili zilikosa kitu: waliojadiliana waliwaacha walioumizwa wakisubiri, na aliyefuta alifanya haki bila utaratibu.

Kwenye seva zenu, atakayemdhalilisha mwenzake, hasa mtoto au msichana, atolewe papo hapo, na mjadala ufanyike akiwa nje. Kwa makosa mengine yote, sababu iandikwe mahali ambapo kila mmoja anaisoma, kama Essex walivyoweza kusema kwa nini ni usiku wa manane. Kufungiwa kuwe na mwisho: wiki, mwezi. Na mtu wa pili, asiyehusika na ugomvi, asikilize rufaa.

Lango pia lisitegemee ng'ambo peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikahangaika na intaneti. Seva yoyote iliyotegemea ukaguzi wa ng'ambo siku kama hiyo haimtambui hata mwenyewe. Kwa hiyo orodha ya wanachama wenu iwepo pia hapa, kwenye kompyuta ya hapa, na mwe mmekwisha kujaribu kucheza kwa mtandao wa ndani kabla siku hiyo haijafika.

Na jambo la mwisho ni la wenye seva peke yao. Minecraft ina ngazi nne za madaraka. Ngazi ya tatu inatosha kuongeza majina, kutimua na kufungia. Ya nne inaongeza uwezo wa kuizima seva. Wekeni watu wawili ngazi ya tatu, wasiotoka nyumba moja, na mmoja tu ya nne. Kila mwaka kati yenu kuna wanaomaliza kidato cha sita na kuondoka kwenda Dodoma, Mbeya au Dar es Salaam kusoma, na seva huondoka nao ndani ya begi. Anayeondoka akabidhi faili la majina, neno la siri la mashine na daftari la waliofungiwa pamoja na sababu zao, mbele ya wanachama, kabla hajapanda basi. Maswali nayapokea, na nitaanza na ya akina mama.